Kuulaza Mtufaha

Anayetaka kupanda mtufaha nyumbani kwake kwa kawaida huanzia kwenye tunda. Amekula epo jekundu la dukani, limempendeza, amezifunga mbegu zake kwenye karatasi, na sasa anauliza azifukie kina gani. Bibi mmoja wa pembezoni mwa mji wa Njombe, mwenye mitufaha sita nyuma ya jiko lake, hulijibu swali hilo kwa swali: "Kwenu Julai mnalala na mablanketi mangapi?" Akisikia ni moja, au ni shuka tu, humshauri mgeni wake apande mwembe, na mazungumzo ya tufaha yanaishia hapo.

Hafanyi mzaha. Asili ya mtufaha ni milima ya Asia ya Kati, safu ya Tian Shan upande wa Kazakhstan, ambako theluji hulala juu ya ardhi kwa miezi. Mti uliolelewa huko hauamki ovyo. Ukishapukutisha majani, macho yake hujifunga, na hayafumki mpaka yamekusanya saa za kutosha za baridi, zile ambazo joto huwa chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi za Ulaya hudai saa 800, nyingine zaidi ya 1,000. Zisipozipata, mti huamka kama mtu aliyepitiwa na usingizi wa mchana: jicho hili limefumka, lile bado, ua moja leo na jingine baada ya wiki tatu, na matawi marefu yanabaki uchi, majani machache yamejikusanya nchani.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake si ya kusimuliwa. Asubuhi nyingine majani ya viazi yaliyoko bondeni hukutwa yameungua kwa barafu. Lakini jua la saa sita mchana hutoka kali, likafuta sehemu ya kazi iliyofanywa na usiku. Kwa hiyo kuchagua mtufaha huku ni kuchagua aina isiyodai mengi. Bibi anazo mbili. Ya kwanza ni Anna, iliyozalishwa na Abba Stein katika kijiji cha ushirika cha Ein Shemer nchini Israeli, tunda refu kidogo, la kijani kinachoelekea unjano, lenye wekundu upande uliotazama jua. Ya pili ni Dorsett Golden, ya rangi ya dhahabu, iliyoota Nassau, Bahamas, visiwa vya joto ambako hakuna aliyetarajia tufaha. Zote mbili hutosheka na saa 300 au pungufu.

Na lazima ziwe mbili. Anna peke yake haijitoshelezi kwa chavua. Inahitaji mwenzake anayechanua siku zilezile, na Dorsett Golden ndiye huyo. "Ukipanda mmoja," anasema bibi, "umepanda maua."

Zile mbegu kwenye karatasi je? Zitaota, hilo halina ubishi. Ila kila mbegu ya tufaha ni mtoto wa baba na mama wawili tofauti, na hafanani sawasawa na yeyote kati yao. Unaweza kungoja miaka minane upate tunda dogo, chachu, ambalo hata watoto wa jirani hawaliibi. Anna zote zilizopo duniani ni vipande vya mti mmoja, vilivyohamishwa kutoka shina hadi shina kwa kisu. Kazi hiyo ndiyo kubebesha, na ndiyo iliyonipeleka Njombe kutazama.

Mti wa kubebesha una nusu mbili. Nusu ya juu huamua ladha ya tunda. Nusu ya chini, yaani shina la mizizi, huamua urefu wa mti, uvumilivu wake wa ukame, na magonjwa utakayoyakwepa. Watu wengi huuliza juu ya ile ya juu tu, na wauza miche wa barabarani wanalijua hilo: mche wowote kwao ni Anna, na kilichoko chini hakiulizwi. Bibi huanzia chini. Anapapasa shina kwa kidole gumba akitafuta kovu la kiungo, na asipolipata hurudisha mche kwa muuzaji bila kugombana.

Mashina yake ni ya aina iitwayo MM106, mojawapo ya mashina yaliyozalishwa Uingereza na watafiti wa East Malling na Merton. Herufi mbili za mwanzo ni za majina ya mahali hapo pawili. Walikuwa wakitafuta mizizi isiyoshambuliwa na vidukari wa sufu, wadudu wadogo wanaojifunika utando mweupe na kufyonza mti mpaka kwenye mizizi, ukabaki na vinundu. Ili kupata ukinzani huo walitumia damu ya tufaha la Kimarekani, Northern Spy. Mti uliokaa juu ya MM106 haurefuki kupita kiasi. Mtu akisimama kwenye kigoda huufikia karibu wote, na kwa bustani ya nyumbani hiyo ni sifa kubwa kuliko wingi wa matunda. Udhaifu wake ni maji yanayotuama. Shingo ya mti huoza. Ndiyo maana bibi ameipanda miti yake kwenye mteremko, na bondeni, kwenye udongo mzuri zaidi, ameweka viazi.

Mashina haya nayo hayaoteshwi kwa mbegu. Kando ya uzio ana mama zao wanne, waliokatwa wakabaki visiki vifupi. Kila kisiki hutoa machipukizi mengi yaliyosimama wima. Yanapofika urefu wa shubiri, bibi huyafukia nusu kwa udongo uliochanganywa na maranda ya mbao. Yakirefuka, huongeza udongo. Gizani humo kila chipukizi hutoa mizizi yake. Mwaka unaofuata, mwezi wa baridi, huufukua mlima huo mdogo kwa mikono, taratibu, na kukata kila chipukizi na mizizi yake.

Siku ya kubebesha aliniweka upande wa kushoto, nisimzibie mwanga. Mezani kulikuwa na vitu vichache: mkasi wa kupogolea, kisu kilichonolewa upande mmoja tu wa ubavu, kinoo, mshumaa, kiberiti, kitambaa chenye spiriti, na mikanda aliyoikata kutoka kwenye mfuko wa nailoni, kila mmoja upana wa kidole. Vikonyo, yaani vijiti vya ile nusu ya juu, vilikuwa ndani ya gazeti bichi. Alikuwa amevikata asubuhi kutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita, yenye unene wa penseli, macho yake yakiwa yamelala. Hilo la kulala ndilo sharti. Kikonyo kilichokwisha kuamka huanza kutumia akiba yake kabla hakijapata mizizi ya kukilisha, kikafa.

Alikinoa kisu kwa muda mrefu kuliko nilivyoona ni lazima. Alikijaribu kwenye ukingo wa gazeti, akakinoa tena. Kisha akaliinua shina la mizizi, akapima kiganja na nusu juu ya udongo, akakata kwa mshazari. Mkato ulikuwa mmoja. Kisu hakikusogezwa mbele na nyuma. Kiliingia karibu na kifua chake na kutoka mbali, mkono wote ukienda pamoja nacho, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni. Kilichobaki ni uso mmoja tambarare, wenye urefu wa sentimita nne hivi, unaong'aa kwa unyevu. Aliuinua kwenye mwanga kuutazama. Mkato wenye wimbi, hata dogo, huacha uwazi ndani ya kiungo, na uwazi hukauka.

Kikonyo kilikatwa vivyo hivyo, kwa kimo kilekile cha mshazari. Kisha, theluthi moja kutoka nchani mwa kila mkato, alichanja ulimi: mpasuko mfupi unaoingia ndani ya mti kufuata nyuzi zake. Hapa kisu hakikuvutwa. Kilitikiswa polepole, kidole gumba kikiwa chini kama kizuizi. Alizileta nyuso mbili pamoja, ulimi wa huyu ukaingia kwenye mpasuko wa yule, na alipoviachia vikasimama vyenyewe.

Hakufunga mara moja. Alikigeuza kiungo, akakitazama ubavuni, kwa sababu kinachounga si mti wote. Chini ya gome kuna utando wa kijani, mwembamba kuliko karatasi, na huo tu ndio unaokua. Ukikosa kugusana na mwenzake, mengine yote ni mapambo. Kikonyo kilikuwa chembamba kuliko shina, kwa hiyo hakingeweza kulingana pande zote mbili. Alikisukuma mpaka upande mmoja ukalingana barabara, na upande wa pili akauacha. Wanafunzi, aliniambia, hupenda kukiweka katikati, kwa kuwa katikati panapendeza; huko kinakosa pande zote mbili.

Baada ya hapo mikono iliongeza kasi. Mkanda wa nailoni ulizungushwa kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukilala nusu juu ya uliotangulia, ukivutwa mpaka unyooke. Juu alibakiza macho matatu, akakata, akawasha mshumaa na kudondosha nta kwenye kidonda cha nchani. Tone moja, akalisambaza kwa kidole. Akachukua shina jingine. Alipofika kwenye la nane alisimama, akakinoa kisu tena.

Wiki tatu au nne baadaye macho huanza kuvimba, na hapo ndipo watu hufurahi na kusahau mkanda. Shina hunenepa, nailoni haipanuki, na mti uliopona hunyongwa na kilichouponya. Bibi huichana mikanda kwa wembe, upande ulio mbali na kiungo, pasipo haraka yoyote.

Kupanda nitakupitisha upesi, maana ndiyo sehemu inayojulikana zaidi. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu umetengwa na wa chini, samadi iliyooza barabara na isiyonuka tena, mvua za Desemba zikiwa zimeshika. Jambo moja tu hulikagua mara mbili: kiungo kibaki wazi juu ya ardhi, angalau kiganja kizima. Kikifukiwa, kikonyo nacho kitatoa mizizi yake, na mti utaikana ile nusu ya chini iliyochaguliwa kwa taabu zote zile. Matandazo ya majani makavu huwekwa kuzunguka, yasiguse shina. Kisha mche mzuri, ulionyooka, hukatwa kichwa kwenye kimo cha paja. Wenye miche yao huumia kuona hivyo. Mti huitikia kwa kutoa matawi ya pembeni, nayo ndiyo yanayotakiwa.

Matawi ya mtufaha hupenda kwenda juu, na tawi linalokwenda juu huwaza mbao. Likilazwa, huwaza maua. Bustani ya bibi imejaa kamba za katani na mawe, na mgeni asiyejua angedhani ni michezo ya wajukuu. Kila jiwe lina tawi lake. Analifunga tawi changa na kulivuta chini mpaka likaribie kulala, lakini ncha ibaki imeinuka kidogo. Ncha ikizama chini ya shina lake, mgongoni mwa tawi yatafumka machipukizi wima yanayokula tu. Akishafunga hurudi nyuma hatua tatu na kutazama, akabadilisha jiwe kwa jingine dogo. Msimu ukiisha hufungua kamba, na tawi hubaki lilipowekwa.

Sasa tufike Julai, kwenye kazi ambayo mkulima wa Ulaya hajawahi kuifanya na asingeelewa ni ya nini. Kule majani hupukutika yenyewe, barafu ikimfanyia kazi hiyo. Hapa majani huchakaa, hupata kutu na matundu, lakini hayaondoki. Hubaki yameshikilia mti kwenye nusu usingizi, na kwa kuwapo kwake huyazuia macho yasifumke pamoja. Wakulima wa Batu, karibu na Malang kwenye kisiwa cha Java, hulima tufaha nyuzi chache tu kusini mwa ikweta, na siri yao ni mikono: baada ya mavuno hunyonyoa mti mzima, jani kwa jani, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Bibi hajafika Java. Lakini nilimkuta ameketi kwenye kigoda chini ya mti, ndoo mapajani, akifanya hivyohivyo.

Kabla hajaanza alikuwa ameacha kuumwagilia mti kwa wiki kadhaa, ili upunguze mwendo. Kisha alilipima jicho kwa kucha. Jicho lililokomaa huwa gumu, lenye manyoya mafupi ya kijivu; likiwa bado laini, jani huachwa, kwa sababu bado linalilisha. Akilinyonyoa mapema atalidhoofisha ua, akichelewa mti utaanza wenyewe, ovyo ovyo. Siku zilizopo kati ya hizo mbili si nyingi, na hakuna kalenda inayozitaja.

Halivuti jani. Jicho limeketi kwapani mwa jani, na anayelivuta kwa pupa huondoka navyo vyote viwili, pamoja na ukosi wa gome. Yeye hukata ile shingo ya jani kwa ukucha wa kidole gumba dhidi ya kidole cha shahada, akibakiza kipande kifupi, ambacho siku chache baadaye hunyauka na kuanguka chenyewe. Tak. Tak. Mkono wa kushoto unalishika tawi, wa kulia unapanda kutoka shinani kwenda nchani, majani yanaangukia ndooni. Mti mmoja mkubwa una maelfu ya majani. Mjukuu wake, kijana wa sekondari, alipendekeza wanyunyizie dawa ya kuyachoma yote kwa siku moja. Dawa za namna hiyo zipo, na kwenye mashamba makubwa zina maana yake. "Dawa haina kucha," bibi alijibu, akaendelea. Nilihesabu kimoyomoyo mara mbili na mara zote nilipotea, kwa kuwa vidole vyake havikubadilisha mwendo, si kwenye tawi la kwanza wala kwenye lile la mwisho, jua likiwa limekwisha kuvuka paa la jiko.

Majani hayo hayarudi shambani. Yana ubwiri unga na kutu, huyachoma.

Mti ukishakuwa uchi, maji hurudishwa: ndoo kwa ndoo, mengi yakiwa yale yaliyooshea mboga. Kisha ni kungoja. Wiki tatu, nne, macho huvimba, hupasuka na kuonyesha ncha za waridi, halafu mti wote huchanua kwa pamoja, maua meupe yenye haya ya uwekundu, na jirani yake, Dorsett Golden, vivyo hivyo. Kila jicho hutoa kishada cha maua matano au sita. La katikati hufunguka kwanza, nalo ndilo litakalotoa tunda kubwa. Nyuki hufika jua likiwa limeshika moto kidogo. Siku hizo bibi hapulizi dawa ya aina yoyote, hata kwenye viazi vyake.

Matunda yanapofika ukubwa wa gololi, hurudi na mkasi mdogo. Hapa niligundua kwamba ni mtu mgumu. Kila kishada hubakiza tunda moja, lile la katikati kama ni zima, na kati ya tunda na tunda lazima kiganja kipite. Yaliyobaki huanguka. Chini ya mti palijaa matunda mabichi mengi kuliko yaliyokuwa juu, na mtu aliyesimama uzioni alitoa sauti ya huruma. Lakini tunda moja zuri hulishwa na majani 30 hadi 40, na mti hauna majani ya kuyalisha yote. Pia, wakati huuhuu ambapo matunda ni madogo, ndani ya macho mapya maua ya mwaka ujao yanaanza kuumbwa. Mbegu zikiwa nyingi mtini, huyazuia. Mti ulioachwa ubebe kila kitu mwaka huu utapumzika mwakani pasipo kuomba ruhusa.

Kila tunda lililobaki huvikwa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi, kwa ajili ya ndege na nzi wa matunda. Wiki mbili kabla ya kuvuna bahasha huondolewa, jua lipate kulipaka rangi.

Mwishoni mwa Desemba bibi huchuma moja na kulipasua kwa upana, si kwa urefu, ionekane ile nyota ya vyumba vitano. Mbegu zikiwa nyeupe, anangoja. Zikiwa za kahawia, anatazama rangi ya chini, ile isiyo nyekundu: kijani chake kimeanza kufifia kuelekea unjano? Ndipo huanza. Tunda halivutwi. Hulikumbatia kwa kiganja kizima, bila kubonyeza kwa vidole, hulinyanyua na kulizungusha kidogo, na kama limeiva kijiti chake huachia chenyewe. Lisipoachia, hulirudisha taratibu liendelee kuning'inia. Anailinda ile pingili fupi yenye makunyanzi ambapo tunda lilikaa, maana kijitawi hicho, ambacho hakirefuki hata sentimita mbili kwa mwaka, kitazaa tena mahali palepale kwa miaka mingi. Anayevuna kwa kung'oa huvuna na miaka ijayo.

Anna halikai. Kwenye kabati la kawaida wiki chache hulifanya liwe la unga, kwa hiyo ndoo hutoka wiki ileile: za majirani, za kanisani, na moja ya kuuza kando ya barabara juu ya gunia lililokunjwa. Nilikuwapo alipofika kijana wa bodaboda, akaokota moja na kuligeuzageuza.

"Bibi, yale ya Afrika Kusini ni makubwa kuliko haya."

"Ni makubwa, baba. Aliyekuuzia alikwambia yalichumwa lini?"

Kijana akalinusa. Akauliza bei, akalalamika juu ya bei, akanunua manne, na moja lilikuwa limekwisha kabla hajawasha pikipiki.